Vichujio Vinavyokosea: Kutoka Scunthorpe hadi Bitche

Scunthorpe ni mji wa viwanda vya chuma katika eneo la Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza. Mwaka 1996 wakazi wake waliotaka kujiunga na America Online, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikiuza huduma za intaneti majumbani, walikuta fomu ya kujisajili inawakatalia kila walipoandika jina la mji wao. Herufi ya pili hadi ya tano za jina hilo, zikisomwa peke yake, ni tusi zito la Kiingereza, na programu ya kampuni ilikuwa imeagizwa kulikataa tusi hilo popote litakapoonekana. Kwa muda, wateja waliambiwa waandike Sconthorpe. Ilionekana ni rahisi kuubadilisha mji kuliko kuibadilisha programu. Tangu hapo wataalamu wa kompyuta huliita kosa la aina hii tatizo la Scunthorpe, ingawa tatizo halikuwa la mji.

Kampuni hiyo ilikuwa imeshajikwaa miezi michache kabla. Desemba 1995 iliingiza neno la Kiingereza la titi katika orodha ya maneno machafu, na wanawake waliokuwa wakitumia huduma zake kujadili saratani ya matiti wakajikuta hawawezi hata kuutaja ugonjwa wao. Walilalamika, magazeti yakaandika, neno likaruhusiwa tena. Mwenendo huo wa programu kukosea, walioumia kupiga kelele na kampuni kuona haya ndipo irekebishe ulijirudia kwa robo karne iliyofuata, mara nyingine karibu bila tofauti yoyote.

Chanzo cha makosa ya mwanzo si kigumu kueleza. Kichujio kilipewa orodha ya maneno, kikapekua maandishi herufi kwa herufi, na kilipokuta mfuatano unaolingana na neno lililomo kwenye orodha kikazuia, bila kujali kama mfuatano huo ni neno zima au kipande cha neno jingine. Majina ya Penistone na Lightwater, nayo ya Uingereza, yamebeba vipande vya namna hiyo. Dawa ya kwanza ilikuwa kuifundisha programu itambue mipaka ya neno. Lakini ikishafundishwa hivyo, mtukanaji anayeweka nukta katikati ya tusi au kubadilisha herufi moja kuwa tarakimu anapita bila shida. Waliotengeneza vichujio walilazimika kuchagua kati ya kuwaachia wenye hatia na kuwakamata wasio na hatia, na kwa sababu zilizokuwa wazi kibiashara wengi waliona afadhali hilo la pili.

Sheria ya Marekani nayo iliwaelekeza huko. Februari 1996 Rais Bill Clinton alitia saini Sheria ya Maadili ya Mawasiliano. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ilibatilisha vifungu vilivyofanya kosa la jinai kusambaza maudhui yasiyo ya adabu kwenye intaneti, lakini kifungu cha 230 kilibaki. Kifungu hicho kinaikinga kampuni isihesabiwe kuwa mchapishaji wa maneno ya watumiaji wake, na pia kinaikinga inapoondoa kwa nia njema kitu inachokiona hakifai. Kampuni iliyozuia kupita kiasi, basi, haikuwa na mengi ya kuogopa mahakamani. Ilichoogopa ni magazeti. Desemba 2000 ikaja sheria nyingine iliyozitaka shule na maktaba zinazopokea ruzuku fulani za serikali ya Marekani ziweke vichujio kwenye kompyuta zake, na vifaa vilivyobuniwa kwa ajili ya nyumba za watu vikawa sehemu ya huduma ya umma.

Chuo cha Beaver huko Pennsylvania, kilichoanzishwa mwaka 1853, ni kati ya vilivyoonja uchungu huo. Jina lake ni la mnyama wa mtoni anayejenga mabwawa, ila mitaani Marekani lina maana nyingine isiyosemwa mbele ya wakubwa. Tovuti ya chuo ilikuwa ikizuiwa na vichujio vya shule, yaani mahali hasa walipo wanafunzi ambao chuo kiliwatafuta. Mwaka 2001 kilijiita Chuo Kikuu cha Arcadia, na vichujio vilikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa, pamoja na mizaha ya miaka mingi. Katika enzi hiyohiyo baadhi ya programu ziliacha kuzuia neno na kuanza kulibadilisha. Mwaka 2008 tovuti ya habari ya shirika moja la Kikristo la Marekani ilikuwa na programu iliyobadilisha neno "gay" kila mahali na kuweka "homosexual". Mwanariadha Tyson Gay aliposhinda katika mbio za mchujo za Olimpiki, tovuti hiyo ilimtangaza kwa jina la Tyson Homosexual kuanzia kichwa cha habari hadi mwisho.

Wakati huo uwanja wenyewe ulikuwa umehama. Facebook ilianzishwa mwaka 2004, YouTube mwaka 2005, na kilichopandishwa humo hakikuwa maandishi peke yake. Mwaka 2007 YouTube ilianza kutumia Content ID, mfumo unaohifadhi alama za utambulisho za nyimbo na filamu zenye hakimiliki, kisha kulinganisha kila video mpya na alama hizo. Kwa kufananisha nakala, mfumo wa aina hii ni mahiri. Usichoweza kujua ni nani mwenye haki na nani ameruhusiwa. Agosti 2012, chombo cha NASA kiitwacho Curiosity kilipotua katika sayari ya Mars, video ya tukio hilo iliyopandishwa na NASA yenyewe ilishushwa kwa muda, kwa kuwa kampuni moja ya habari, iliyotumia picha hizohizo, ilikuwa imezidai ni zake. Picha za NASA kwa kawaida ni mali ya umma. Wiki chache baadaye, mjini Chicago, sherehe za tuzo za Hugo za hadithi za kubuni za kisayansi zilikuwa zikirushwa moja kwa moja kupitia tovuti ya Ustream. Mwandishi Neil Gaiman alikuwa anaanza kutoa shukrani matangazo yalipokatika. Roboti ilikuwa imetambua vipande vya filamu za televisheni vilivyoonyeshwa ukumbini, navyo vilitolewa kwa idhini. Mkuu wa Ustream aliomba radhi baadaye, na sherehe ilikuwa imekwisha.

Kulinganisha nakala kulitumika pia katika jambo zito zaidi. Mwaka 2009 kampuni ya Microsoft na Hany Farid, aliyekuwa profesa wa Chuo cha Dartmouth, walitengeneza PhotoDNA, programu inayotambua picha za udhalilishaji wa watoto ambazo tayari zimeshajulikana, hata zikipunguzwa ukubwa au kubadilishwa rangi kidogo. Hakuna aliyebisha kwamba kazi hiyo ilihitajika. Hatari ya hazina za picha za aina hii iko kwenye mlango wa kuingilia, kwani picha ikiwekwa humo kimakosa, kosa la mtu mmoja linageuka kuwa la mashine na kurudiwa kila nakala inapopandishwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa katuni ya Kolombia iliyokejeli ukatili wa polisi. Mhakiki wa Facebook aliona imevunja kanuni, ikaingizwa katika hazina, na kuanzia hapo kila aliyeiweka alikuta imeondolewa. Watu 215 walikata rufaa, na asilimia 98 kati yao walishinda, lakini katuni iliendelea kubaki katika hazina hadi shauri lilipofika kwa Bodi ya Usimamizi ya kampuni hiyo, chombo kinachosikiliza rufaa dhidi ya maamuzi yake, iliyotoa uamuzi wake Septemba 2022. Rufaa zilikuwa zikishinda na mashine ikiendelea na kazi yake kama kawaida.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuiachia mashine itambue kitu ambacho haijawahi kukiona. Kwa njia ya ujifunzaji wa mashine, programu hupewa mifano mingi iliyokwisha kupangwa na binadamu, hii ya utupu, hii siyo, hii ya chuki, hii siyo, nayo inajitafutia ishara zinazotenganisha makundi hayo. Hakuna anayeiambia ishara zipi. Desemba 2017 mkuu wa kitengo cha uchunguzi wa vifaa vya kidijitali katika polisi wa London alieleza kwamba programu yao ya kutafuta picha za utupu ilikuwa ikikamata picha za jangwa, kwa sababu rangi ya mchanga iko karibu na rangi ya ngozi. (Ngozi ya nani, hilo programu ilikuwa imeshajiamulia.) Mwaka uliofuata mtandao wa Tumblr ulipiga marufuku picha za ngono kuanzia tarehe 17 Desemba, na kichujio chake kikakamata michoro na picha za watu waliovaa nguo zao kamili. Oktoba 2020 Facebook ilikataa tangazo la duka la mbegu la St. John's, Kanada, ikidai lina maudhui ya ngono. Picha ilikuwa ya vitunguu vikubwa vya aina ya Walla Walla vilivyolala ndani ya kikapu. Kampuni ilikiri kosa na kulirudisha tangazo.

Mchezo wa sataranji unafaa kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ulichunguzwa kitaalamu. Juni 2020 chaneli ya YouTube ya Mkroatia Antonio Radić, moja ya chaneli kubwa za sataranji duniani, ilifungiwa kwa siku moja bila maelezo ya kueleweka. Ashiqur KhudaBukhsh na Rupak Sarkar wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walijiuliza kama lugha ya mchezo wenyewe, ambamo weupe huwashambulia weusi na weusi huwaua weupe, ndiyo iliyoiponza chaneli hiyo. Walichukua maoni zaidi ya 680,000 kutoka chaneli tano za sataranji na kuyapitisha katika programu mbili za kutambua lugha ya chuki. Kisha walisoma kwa macho yao maoni 1,000 kati ya yaliyokamatwa. Asilimia 82 hayakuwa na chuki yoyote. Programu hizo zilikuwa zimefunzwa kwa mifano ambayo sataranji haikuwamo, au ilikuwamo kidogo mno.

Makosa hayo yana hesabu yake, na hesabu hiyo hueleza kwa nini hayakwishi hata mashine inapoboreshwa. Mfano wa kubuni unatosha. Chukua mtandao unaopokea machapisho milioni 100 kwa siku, na moja kati ya kila 1,000 ni baya kweli. Mabaya ni 100,000. Kichujio kinachopatia mara 99 kati ya 100 kitakamata 99,000 kati ya hayo, jambo la kusifiwa. Lakini machapisho mema ni 99,900,000, na kikikosea moja katika kila 100 kitakamata 999,000. Kwa kila mwenye hatia mmoja watakamatwa wasio na hatia kumi, na kampuni bado inaweza kutangaza kwamba mfumo wake una usahihi wa asilimia 99 bila kusema uongo.

Makosa hayakugawanyika sawa baina ya lugha. Mwaka 2017 Facebook ilipiga marufuku nchini Myanmar neno "kalar", lililotumika kuwatukana Waislamu na watu wenye asili ya Kihindi. Silabi hizo zimo pia katika majina ya Kiburma ya dengu na ya kiti, na machapisho yaliyotaja vitu hivyo yakaondolewa, pamoja na ya watu waliokuwa wakilipinga neno lenyewe. Miaka ishirini na moja baada ya Scunthorpe, kosa lilelile lilikuwa limevuka bahari na kuingia katika lugha ambayo waliotunga orodha hawakuijua. Mei 2021, wakati wa machafuko ya Jerusalem, Instagram ilizuia alama ya mada iliyobeba jina la msikiti wa Al-Aqsa, kwa kuwa jina hilo limo ndani ya jina la kikundi chenye silaha kilichokuwa katika orodha yake ya magaidi. Uchunguzi huru ulioagizwa na Meta, kampuni inayomiliki Facebook na Instagram, na kutolewa Septemba 2022 ulionyesha kwamba machapisho ya Kiarabu yaliondolewa kimakosa zaidi kuliko ya Kiebrania. Kwa Kiarabu kulikuwa na programu ya kutambua uchochezi, na kwa Kiebrania hakukuwa nayo. Machi 2024 Bodi ya Usimamizi ilieleza kwamba neno la Kiarabu "shaheed", ambalo asili yake ni moja na la shahidi wa Kiswahili, huenda lilikuwa limesababisha kuondolewa kwa machapisho mengi kuliko neno lingine lolote katika mitandao ya Meta. Kampuni ilikuwa ikilihesabu kuwa ni sifa kila lilipohusishwa na mtu aliye katika orodha yake ya hatari, hata ndani ya habari au taaluma.

Kwa upande wa Kiswahili, sehemu kubwa ya uhakiki wa Facebook kati ya 2019 na 2023 ilifanywa Nairobi na wafanyakazi wa kampuni ya Sama, walioshughulikia pia Kiamhari, Kisomali, Kihausa na lugha nyingine za Afrika. Udhaifu wa mashine katika Kiswahili ulijitokeza kwa sura nyingine. Julai 2022, kabla ya uchaguzi mkuu wa Kenya, mashirika ya Global Witness na Foxglove yalijaribu kupeleka Facebook matangazo yenye uchochezi wa kikabila. Ya Kiswahili yalipokelewa. Ya Kiingereza yalikataliwa kwanza kwa sababu ya sarufi mbovu na lugha chafu, yakapokelewa yaliposahihishwa. Mfumo uliotambua makosa ya sarufi haukutambua wito wa kuchinja watu. Kampuni inayosema mashine zake hukosea kwa kuzidisha ulinzi inapaswa kueleza na hilo.

Kilichopotea kwa makosa haya si mara zote ni tangazo la vitunguu. Agosti 2017 YouTube ilipoongeza mashine za kutafuta video za itikadi kali, ilifuta au kufunga video na chaneli nyingi zilizokuwa zimerekodi vita vya Syria, na wahifadhi wa kumbukumbu wa Syrian Archive walihangaika kuzirudisha. Mwezi huohuo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati ya kumkamata Mahmoud al-Werfalli, kamanda wa Libya, ikitegemea kwa kiasi kikubwa video za mauaji zilizosambazwa mitandaoni. Mashine iliyokuwa ikifuta na mwendesha mashtaka aliyekuwa akitafuta walilenga video za aina moja.

Machi 2020 janga la korona liliwarudisha wahakiki majumbani, na kampuni zikatangaza kwamba mashine zitabeba mzigo zaidi. Tarehe 17 mwezi huo kichujio cha taka cha Facebook kiliondoa viungo vya habari halali za vyombo vinavyoheshimika kuhusu ugonjwa huo. Kampuni ilisema ni hitilafu ya programu isiyohusiana na kuondoka kwa wahakiki. YouTube nayo ilifuta video zaidi ya milioni 11 kati ya Aprili na Juni, idadi ambayo haikuwa imewahi kufikiwa, na takriban 160,000 zikarudishwa baada ya rufaa. Hatimaye iliwarejesha binadamu katika sehemu ya kazi hiyo. Tukio hilo ni muhimu kwa sababu lilionyesha mashine ikifanya kazi bila anayeikosoa, na matokeo yakapimwa na kampuni zenyewe.

Mwaka 2021 ulirudisha historia mwanzoni. Januari, watu wa Plymouth, Uingereza, waliotaja bustani yao maarufu ya Plymouth Hoe walionywa na Facebook kwa lugha ya matusi, na Julai wakulima wa bustani wa magharibi mwa New York waliadhibiwa kwa kutaja jembe, ambalo kwa Kiingereza huandikwa kwa herufi hizohizo na hukaribiana na neno la kumtukana mwanamke. Kati ya matukio hayo mawili ilikuja zamu ya Bitche, mji wa Ufaransa wenye wakazi 5,000 hivi na ngome kongwe karibu na mpaka wa Ujerumani, ambao jina lake nalo hukaribiana na tusi la Kiingereza. Tarehe 19 Machi ukurasa rasmi wa mji ulitoweka Facebook. Mji jirani wa Rohrbach-lès-Bitche ulibadilisha jina la ukurasa wake mapema kabla haujafikiwa. Meya Benoît Kieffer alitoa taarifa kwa umma akimkaribisha Mark Zuckerberg aje aone mji wenyewe, vyombo vya habari vya dunia vikacheka, na tarehe 13 Aprili ukurasa ukarudishwa pamoja na radhi. Zilipita siku 25, kwa mji wenye meya, halmashauri na waandishi wa habari.

Mtu binafsi hana hivyo. Mwezi Februari mwaka huohuo baba mmoja wa San Francisco alipiga picha ya sehemu za siri za mwanawe mdogo zilizovimba, ili daktari azione. Programu ya Google iliitambua picha kuwa ya udhalilishaji, akaunti yake ikafungwa, na barua pepe, namba ya simu na picha za miaka mingi zikaenda nayo. Polisi walichunguza na kumwona hana kosa. Google haikubadilisha uamuzi wake hata gazeti la New York Times lilipoandika habari hiyo mwaka 2022. Aibu, iliyokuwa ikifanya kazi tangu siku za America Online, safari hiyo haikutosha.

Njia ya kudai haki ilichelewa kujengwa. Mwaka 2018 wataalamu na mashirika ya haki za kidijitali walitoa Kanuni za Santa Clara, zinazozitaka kampuni zitoe idadi ya machapisho yanayoondolewa, zimjulishe mhusika na zimpe nafasi ya kukata rufaa. Ni mwongozo tu, hauna nguvu ya sheria. Bodi ya Usimamizi ya Facebook ilitoa maamuzi yake ya kwanza Januari 2021. Moja lilihusu chapisho la Instagram la Brazil la kuhamasisha uchunguzi wa saratani ya matiti, lililofutwa na mashine ingawa kanuni za kampuni zenyewe ziliruhusu picha za aina hiyo na maneno ya Kireno ya saratani ya matiti yalikuwa yameandikwa juu ya picha. Ni kosa la Desemba 1995 katika vazi la 2020. Bodi ilisema watumiaji wajulishwe pale uamuzi unapokuwa wa mashine, lakini inasikiliza mashauri machache mno ikilinganishwa na mamilioni ya rufaa.

Januari 2025 Meta yenyewe ilikiri kwamba ilikuwa ikiondoa mamilioni ya machapisho kila siku, na kwamba huenda uamuzi mmoja hadi miwili kati ya kila kumi ulikuwa makosa. Ilitangaza kupunguza matumizi ya vichujio kwa makosa madogo. Miongoni mwa nchi zilizoweka kisheria wajibu wa kumjulisha mhusika na kusikiliza rufaa yake ni za Umoja wa Ulaya, kupitia Sheria ya Huduma za Kidijitali ya mwaka 2022, iliyoanza kuzibana kampuni kubwa Agosti 2023. Sheria hiyo inalazimisha mhusika aelezwe sababu ya chapisho lake kuondolewa na kama mashine ilitumika, na inakataza rufaa yake kuamuliwa na mashine pekee. Inawahusu watumiaji walio katika nchi 27.